Kidole cha Gachau

Thika,
Jumapili, 2 Machi 2025

Kwa ndugu yangu Githae,

Pokea salamu zetu za huku Thika. Sisi hatujambo. Mke wangu Njambi yuko sawa isipokuwa goti, na hilo goti tumelizoea kama mpangaji asiyetaka kuhama. Ng'ombe amezaa ndume tena, wa tatu mfululizo, mpaka nimeanza kumshuku. Natumaini Carolyne na watoto ni wazima, na kuku wako wanataga, maana habari za kuku wako hunifikia mara nyingi kuliko zako wewe mwenyewe.

Najua unashangaa. Mwaka wa 2003 uliapa mbele ya klabu nzima kwamba hutafungua mdomo kuongea na mimi tena, na kwa kweli umejitahidi. Hata tulipomzika baba ulinipitishia sepetu bila neno. Basi nimekaa nikafikiria, nikaona barua si mdomo. Ukinijibu kwa kalamu hujavunja kiapo chochote. Ndiyo maana sikupigi simu, na ndiyo maana karatasi hii umeletewa na Katunge, yule mama wa Kiandutu anayeuza avokado. Huja soko la Ruiru kila Jumanne na Ijumaa, na amekubali kupitia kwako Mugutha mradi tusimgeuze posta.

Juzi nilikuwa napekua sanduku la baba nikapata tikiti zetu mbili za uwanja wa Gymkhana kule Nairobi, Kenya na Sri Lanka, Kombe la Dunia la kriketi, 24 Februari 2003. Unaikumbuka siku ile? Ilikuwa Jumatatu. Mimi nilidanganya kiwandani kwamba tumbo linanisumbua, wewe ukasema umefiwa na shangazi ambaye hatujawahi kuwa naye. Kenya ilipata mikimbio 210, watu wote waliotuzunguka wakasema haitoshi. Halafu akaja Collins Obuya na ule mpira wake wa polepole unaojipinda ukifika chini, akawatoa wapigaji watano peke yake. Sri Lanka wakaishia 157. Uliruka ukanikanyaga mguu, ukucha ukang'oka, na mpaka leo unamea ukiwa umeenda kombo. Nasema, na nitasema mbele ya mtu yeyote, hakuna Mkenya aliyewahi kurusha mpira vizuri kuliko hapo, na wote watano niliwaona wakitoka kwa macho yangu haya.

Sasa jambo lenyewe. Tabby anaolewa. Kijana anaitwa Nzioki, mwana wa mzee Makau, Wakamba wa huko mashariki ya Thika, watu wa kanisa na wakulima wazuri. Wanakuja kwa ruracio, na mahari yao, mwezi wa nane. Unajua kwetu baba ya msichana hajiongelei. Ndugu yake ndiye hupokea wageni langoni na ndiye husema maneno ya nyumba. Mimi nina ndugu mmoja tu. Nilimwambia Tabby tutamtafuta mzee wa kanisa, akaniangalia hivi, akasema, "Baba, mtu wa kukodi? Uncle Githae akikosa, hakuna ruracio. Ambia kina Nzioki wangojee."

Fikiria, halafu uniandikie.

Ni mimi nduguyo mkubwa,
Gachau


Mugutha, Ruiru,
Ijumaa, 21 Machi 2025

Gachau,

Salamu zimefika. Sisi tuko. Kuku wanataga. Huku Mugutha kila mtu anajenga na vumbi la mawe limeingia mpaka kwenye sukari.

Kwanza, hukuwaona wote watano. Wa tatu alitoka ukiwa kwenye foleni ya choo. Nilikusimulia mimi, na kabla jua halijazama ulikuwa unanisimulia mimi kama mtu aliyeona.

Pili, Obuya alikuwa kijana, na kijana akiwa na siku nzuri anaweza lolote. Kama unataka kuongea juu ya kurusha, ongea juu ya Aasif Karim dhidi ya Australia wiki tatu baadaye kule Durban. Lakini wewe hupendi kuongea juu ya watu wazima.

Kuhusu Tabby nimesoma. Msalimie.

Githae

Katunge ananihimiza, anasema avokado zinaiva akiningoja.


Thika,
Jumapili, 6 Aprili 2025

Ndugu yangu Githae,

Nilipoipata barua yako niliisoma nikiwa shambani, nikairudia nikiwa sebuleni, na Njambi akaniambia nitaichakaza. Mvua imeanza vizuri. Lile shamba dogo la Theta nimepanda mahindi, ingawa majirani wote wamepanda nyumba za kukodisha.

Ile ya choo nakubali. Miaka ishirini na miwili yote sijawahi kumwambia mtu, na nilikuwa nimeanza kuamini kwamba niliona.

Lakini turudi nyuma zaidi. India, 1996, sisi na West Indies. Tulikuwa tumeketi nyuma ya klabu na redio ya mkono ya baba, betri zikifa, wewe ukizitoa na kuzianika juani, mimi nikizirudisha. Sisi tumepata 166 tu. West Indies, wafalme wa mchezo, na Brian Lara ndiye anaingia! Baba alisema, "Haya, zimeni tukanywe chai." Halafu Lara akaugusa mpira, na mlinda wiketi wetu, yule Tariq Iqbal waliyekuwa wakimcheka kwamba haushiki mpira hata ukipewa mkononi, akaudaka. Lara nje na mikimbio minane. Wote wakaisha 93. Baba alikuwa mtu wa kuvuta roli la kusawazisha uwanja tangu ujana wake, hajawahi kuruka hata siku ya harusi yake, lakini siku hiyo alilikumbatia lile roli. Ulimwona?

Tarehe ya ruracio imeshapangwa: Jumamosi, 16 Agosti. Makau amekubali. Wanakuja watu thelathini, na nasikia watano kati yao wanajua kuongea sana. Tunahitaji mtu wa kuwajibu.

Tabby anasema anakumbuka ulikuwa ukimbeba mabegani kuzunguka uwanja na kumwambia yeye ndiye kombe.

Ni mimi,
Gachau


Mugutha, Ruiru,
Ijumaa, 9 Mei 2025

Gachau,

Usione nimechelewa ukadhani ni kiburi. Katunge alienda matangani Kitui akakaa wiki tatu, na mimi sikutaka kumpa mtu mwingine barua zetu. Pia kuku walipata mafua, nikapoteza arobaini. Carolyne aliwalilia kama amewazaa yeye.

Baba nilimwona akikumbatia roli. Nilimwona pia akijifuta uso akisema ni jasho.

Na wewe unakumbuka Oktoba mwaka huo huo, yule kijana wa Pakistan, Shahid Afridi, pale Gymkhana? Mipira thelathini na saba akafika mia moja. Nasikia hata gongo lilikuwa la kuazima. Mimi niliiga ule upigaji wake miaka miwili mizima, nikivunja vigae vya klabu, na kila mara baba alinituma kwa fundi na ngazi. Alinifundisha jambo moja yule kijana, kwamba mtu anaweza kuingia asubuhi hajulikani, akatoka mchana anajulikana. Nilikuwa nangoja asubuhi yangu. Unajua hivyo.

Sasa nikuambie kitu. Umeniandikia Nairobi, umeniandikia India, umeniandikia mechi zote za dunia isipokuwa moja. Agosti 2003, uwanja wetu wenyewe. Mimi nina mikimbio tisini na nne, bado sita nifike mia. Mteuzi wa timu ya taifa ametoka Nairobi, ameketi chini ya hema na daftari lake, na amekuja kuangalia watu wawili tu, mimi mmoja wao. Ampaya wa kuamua ni wewe. Mpira ukapita kando ya gongo langu, Muoki, aliyewachezea wageni, akaudaka nyuma ya wiketi, akapiga kelele, na ukainua kidole kwamba nimetoka.

Mteuzi alifunga daftari. Hakunipigia simu mwezi huo wala mwezi mwingine wowote. Unajua mengine.

Mimi nitakuja kukuongelea mbele ya Wakamba thelathini, na nitawajibu hao watano. Lakini kwanza uniandikie, kwa mkono wako, ulisikia nini.

Githae


Thika,
Jumapili, 25 Mei 2025

Ndugu yangu mpendwa,

Pole sana kwa kuku. Njambi anasema uwape vitunguu saumu kwenye maji, na anasema usimwambie Carolyne ni yeye aliyesema, kwa sababu ya ule ugomvi wao wa masufuria.

Ulikuwa na haki kuhusu Karim. Nimekaa nikamfikiria. Mtu alikuwa amestaafu, ana miaka thelathini na tisa, ana kazi yake, wakamwita kutoka nyumbani arudi. Australia hawajashindwa na mtu, wanahitaji mikimbio michache tu wamalize. Akaja na hatua zake fupi kama mtu anayeenda kuchukua gazeti, na akatoa mikimbio saba tu katika ova nane na kitu, mipira hamsini, na watatu wakatoka, Ponting mmoja wao. Tulishindwa, lakini zawadi ya mchezaji bora alipewa yeye. Nilikuwa nimesahau jinsi ulivyonyamaza ukiangalia televisheni ile ya klabu. Ulisema tu, "Huyo hana haraka." Kweli, hakuna aliyerusha vizuri kuliko yeye. Nimekubali, na uiweke barua hii kama ushahidi.

Tabby alikuwa hapa Jumapili iliyopita. Alitaka kujua kwa nini watu wawili wazima wamenuniana kwa sababu ya mpira. Nikamweleza kwamba katika kriketi, mpira ukigusa gongo hata kwa unywele kisha ukadakwa kabla haujafika chini, mpigaji ametoka, usipogusa, anaendelea. Na kwa kuwa kugusa kwenyewe mara nyingi hakuonekani, ampaya husikiliza ule mlio mdogo, tik. Akafikiria, akaniuliza, "Na Uncle aligusa?"

Nikamwambia tule kwanza chakula kinapoa.

Mambo ya zamani ni mengi, ndugu yangu, na sote tulikuwa vijana. Ukija tutakaa tuyaongee na chai.

Gachau


Mugutha,
Jumanne, 3 Juni 2025

Gachau,

Salamu. Kuku wamepona, mshukuru Njambi, sitamtaja.

Ulisikia nini?

Githae


Thika,
Jumapili, 22 Juni 2025

Githae,

Leo sitaanza na ng'ombe. Nimeirarua barua hii mara nne, na Katunge amerudi mikono mitupu mara tano, akaniambia, "Mzee, kama huna la kuandika, tuma hata avokado moja aone umemkumbuka."

Sikusikia kitu.

Nitakueleza ilivyokuwa, na usome mpaka mwisho kabla hujaitupa. Asubuhi ile, kabla ya mechi, nilikuwa nakunywa chai kwenye kibaraza na wale wageni wa timu ile nyingine. Mmoja wao, simjui jina mpaka leo, alikuwa na kofia nyeupe, akawaambia wenzake huku akicheka, "Leo ndugu ndiye ampaya. Tufunge mizigo twende nyumbani." Wakacheka wote. Na mimi nikacheka nao, lakini maneno yale niliingia nayo uwanjani. Nilisimama pale kutwa nikijiambia, Gachau, leo hakuna mtu atakayesema ulimpendelea ndugu yako. Kila ulipopiga vizuri niliogopa zaidi. Ulipofika tisini nilikuwa nimelowa jasho kama ni mimi ninayekimbia.

Kwa hivyo Muoki alipopiga kelele, mkono wangu ulipanda kabla akili haijafika. Sikusikia tik. Sikusikia chochote isipokuwa Muoki na yule mtu wa kofia.

Halafu nikakuangalia. Hukwenda. Ulisimama pale ukiniangalia, na hapo ndipo nilipojua. Unakumbuka sheria ya baba. Alitufundisha tukiwa bado tunachezea mpira wa matambara nyuma ya roli: ukigusa, unatoka mwenyewe, hungoji ampaya akuambie. Wewe ulikuwa umetoka hivyo mara ngapi? Mara kumi nilikuona ukiondoka bila hata kugeuka. Siku ile ulisimama, kwa hivyo hukugusa. Nilijua pale pale, kidole kikiwa bado juu, na sikukishusha. Ampaya ana ruhusa ya kubadilisha uamuzi wake. Ningeweza kukuita urudi. Niliona aibu mbele ya watu nisiowajua, nikakuuza wewe ninayekujua.

Watu waliponiuliza kwa nini niliacha uampaya mwaka ule nilisema ni macho. Macho yangu ni mazima, nasoma Biblia bila miwani. Niliacha kwa sababu kila nikivaa lile koti jeupe nilikuona umesimama. Siendi klabu. Nikitaka kwenda mjini huzunguka njia ya juu ili nisiuone ule uwanja.

Nimekuambia sasa. Ilikuwa asubuhi yako na mimi ndiye niliyeichukua. Nakuomba msamaha, Githae, wewe na baba. Ukikataa kuja nitaelewa, nitamweleza Tabby mwenyewe, na sitamwambia ni kosa lako.

Gachau


Thika,
Jumapili, 27 Julai 2025

Ndugu yangu,

Salamu tu. Wiki tano zimepita. Katunge anasema barua alikupa mkononi, ukaifungua ukiwa umesimama kwenye banda la kuku, ukaingia ndani ya banda na hukutoka, akangoja mpaka akachoka.

Tumekodi hema. Njambi amepaka nyumba rangi ya maziwa ambayo sikuichagua. Mzee wa kanisa ameniuliza mara mbili kama anapaswa kujitayarisha, na mara mbili nimemwambia bado.

Tabby haulizi tena. Hilo ndilo linaniumiza.

Gachau


Mugutha, Ruiru,
Jumanne, 12 Agosti 2025

Gachau, muru wa maitu, mwana wa mama yangu,

Nisamehe kwa kukuweka hivyo. Ninaandika hii Katunge akiwa ameketi hapa kwenye ngazi, amekataa kuondoka. Amesema, "Leo siendi bila karatasi, hata kama ni ya matusi." Carolyne amempa chai ya pili.

Barua yako niliisoma kati ya kuku, kama ulivyoambiwa. Nilicheka kwanza. Nisikufiche, nilicheka kwa sauti, kuku wakaruka. Halafu nikashindwa kula siku mbili, Carolyne akadhani nimekopesha mtu kuku wote. Tangu hapo nimeanza barua hii kila siku ya Mungu.

Niligusa.

Nikuandikie tena vizuri ili usidhani ni mwandiko. Mpira ule niliugusa. Hakuna aliyeweza kusikia, kwa sababu haukulia hata kidogo, lakini mimi niliuhisi kwenye mpini, kwenye kidole hiki kidogo cha mkono wa kushoto, kama vile mtu anavyohisi kamba ya ndoo ikigusa ukuta wa kisima. Nilijua kabla Muoki hajaudaka. Na miguu yangu ilianza kuondoka, nakuapia, ilianza. Halafu nikamwona yule mtu wa daftari chini ya hema, nikafikiria ile sita iliyobaki, na nikajiambia, hakuna aliyesikia, simama. Mara moja tu. Baba ataelewa.

Nikasimama. Na wewe ukainua kidole.

Unajua nilifikiria nini? Nilifikiria umesikia. Nilifikiria, huyu Gachau ana masikio ya namna gani, amesikia kitu ambacho hata Muoki hakusikia, na sasa anajua kwamba nimegusa na sijatoka. Uliponiangalia vile niliona unajua kila kitu. Aibu iliyonishika sikuwa na pa kuiweka. Nikatupa gongo, nikaapa mbele ya watu wote, kwa sababu mtu aliyekasirika haulizwi maswali. Kila mtu alinipa pole. Wazee walinipa pole. Baba mwenyewe alinishika bega akasema, "Pole mwanangu, ndugu yako alikosea," na mimi nikakubali. Nilikubali, Gachau. Alikufa akiamini ulikosea.

Tulipomzika nilitaka kukuambia. Nilikuwa nimepanga maneno. Ulipogeuka nikaona uso wako, nikakupa sepetu.

Kila mwaka ikawa ngumu zaidi. Nikaanza kuamini hasira yangu mwenyewe, kama wewe na yule wa tatu wa Obuya. Ndiyo maana nilikuuliza ulisikia nini. Nilitaka useme ulisikia, ili nami niseme basi, tumalize. Badala yake ukaniandikia kwamba hukusikia kitu, na kwamba ulijua sikugusa kwa sababu mtu wa baba asingesimama. Hilo ndilo lililonipeleka ndani ya banda.

Ulitoa uamuzi wa haki bila kujua, na mimi niliyejua nilikuachia wewe lawama. Uampaya uliacha kwa sababu yangu. Njia ya juu unazunguka kwa sababu yangu. Sijui mteuzi angenichukua au la, na sasa naona hilo si kitu.

Tabby ni wako, na nyumba ni yako. Nilikuwa na sharti na sasa sina. Kama bado unataka nikuongelee mbele ya watu, nitakuja. Kama unaona mtu kama mimi hastahili kusimama langoni pako, mwite mzee wa kanisa, nami nitamwandikia Tabby mwenyewe nimweleze kwa nini. Nipe jibu Ijumaa kwa mkono wa Katunge. Nitangoja hapa langoni.

Githae


Thika,
Alhamisi, 14 Agosti 2025

Githae,

Niliipata Jumanne jioni. Niliisoma nikiwa nimesimama, nikaketi, nikaisoma tena.

Kwanza nilicheka mpaka Njambi akatoka jikoni na mwiko. Nikampa naye asome, akacheka, akaketi chini akalia, akarudi jikoni, ugali ukiwa umeungua. Halafu ndipo hasira ikaja. Nikuambie ukweli, nilikasirika vibaya. Jana nimezunguka boma mara sita nikiongea peke yangu. Kumbe nilikuwa sahihi! Ampaya wa kijijini, bila mashine, bila kuona marudio kwenye televisheni, sahihi, na nimetembea nimeinamisha kichwa kama mwizi wa mbuzi! Nilipita hata kwa Muoki nikamgongea mlango nimwambie kwamba uligusa. Muoki akasema, "Najua. Kwani mnadhani nilipiga kelele ya nini?" Nikamuuliza mbona hakusema. Akasema hakuna aliyemuuliza.

Nina haki ya kununa, na hakuna atakayenikatalia. Nimepiga hesabu. Nikinuna miaka sawa na yako, nitamaliza 2047, nikiwa na miaka sabini na tisa, kama Mungu atapenda. Na kwa ajili ya baba nilikasirika hasira ya peke yake, kwa sababu hilo haliwezi kurekebishwa, na nitakuwa nalo siku nyingi. Sitaki nikudanganye kwamba limepita.

Tabby alikuja leo na nikamweleza makosa yote mawili, langu na lako. Halafu akasema, "Sasa nyinyi wawili mnataka niolewe lini? Mkishakufa?"

Basi nimeamua hivi. Nimenuna leo Alhamisi kutwa, na kesho nitanuna tena mpaka giza liingie. Jumamosi sina nafasi. Kina Makau watakuwa langoni saa nne, watu thelathini na wale watano wao, na hakuna mtu atakayewafungulia isipokuwa wewe. Mzee wa kanisa nilikuwa nimeshamwambia Jumapili akae na wageni wengine, kabla barua yako haijafika, na sababu nilimpa moja tu, kwamba nina ndugu.

Vaa ile suti ya kijivu uliyovaa kwenye mazishi, ilikukaa vizuri. Mwambie Carolyne masufuria yamesamehewa.

Na usije saa nne kama mgeni. Njoo saa moja, uingilie mlango wa nyuma, kwa sababu ninataka kukulilia kidogo kabla watu hawajafika.

Gachau